Sahihi ya Ishirini

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa watoto, na barua hii iwakute mna afya na chakula mezani. Sisi huku tupo, Mungu ametushika mkono. Mguu wa mama umevimba tena, ule wa kushoto, lakini mdomo haujavimba hata kidogo. Juzi alimfukuza muuza mkaa kwa sababu alimwita bibi. "Bibi yako yuko kwenu," akamwambia, "mimi hapa ni mama wa watu." Shemeji yako bado anajenga ukuta wa shule. Umefika usawa wa madirisha, saruji ikaisha, sasa anakaa juu ya matofali anaangalia barabara kama mtu anayesubiri posa. Mpwa wako mkubwa amefaulu mitihani, mdogo amefaulu kula.

Sasa kaka, kaa vizuri kwenye kiti, nina jambo.

Unalijua daftari langu la vipimo. Kila Januari napima watoto wa shule kwa ajili ya sare, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta kipimo cha binti mmoja wa ng'ambo ya mto, nione ameongezeka kiasi gani. Darasa la kwanza yupo, la pili yupo, la tatu yupo. La nne hayupo. Nikamtafuta mwenzake, naye vivyo hivyo. Kaka, nilikaa chini nikafunua daftari lote. Watoto wa ng'ambo wote wanaishia darasa la tatu. Kwa miaka sita ni watoto arobaini na mmoja, na mimi nimekuwa nikiwapima mabega mwaka hadi mwaka bila kuuliza wanakwenda wapi. Darasa la nne hutoka jioni, na jioni mto umeshajaa maji ya milimani. Mzazi gani atakubali mtoto avuke?

Nikaenda kwa diwani wetu, mwenzako wa dawati moja. Siku hizi watu wanamwita Mzee Kesho, ila si mbele yake. Akanikaribisha vizuri dukani kwake, akanipa kiti. "Fundi," akasema, "daraja liko kwenye mpango. Njoo kesho tulizungumze." Miaka kumi na tano liko kwenye mpango.

Basi kwenye mkutano wa wazazi nikasimama na daftari langu, nikasoma. Sikutukana mtu, nilisoma vipimo tu. Fulani, kifua, bega, urefu, darasa la tatu, basi. Halafu muuza nyama akapaza sauti toka nyuma: "Fundi, kwa nini usigombee wewe?" Watu wakacheka. Kisha nikaona wameacha kucheka, na wananitazama.

Nimesali wiki mbili juu ya jambo hili. Moyo unasema nenda, miguu inasema ngoja. Baba hayupo, na wewe ndiye uliyebaki mahali pake. Bila neno lako siendi popote. Niambie ndiyo au niambie hapana, lakini niambie.

Dada yako, fundi cherehani

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kupata mwandiko wako. Barua niliipokea tarehe kumi na tatu Februari, imelowa pembe moja, lakini yote ilisomeka. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wanaongezeka urefu na viatu vinapungua.

Kazini ni yale yale. Kati ya mashine nne za kufulia, mbili zimekufa kabisa, ya tatu inatetemeka mpaka wagonjwa wa ghorofa ya juu wanadhani ni tetemeko la ardhi. Mashuka ya wodi tunayachemsha kwa mkono. Wiki iliyopita nilikuta mfukoni mwa koti la daktari mkuu karatasi imeandikwa "usisahau kumwomba mke msamaha". Nikaianika vizuri, nikamrudishia. Hajanitazama usoni tangu siku hiyo.

Mguu wa mama: aukande kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asikae na miguu ikining'inia. Nimemtumia dawa kwa dereva wa lori la saruji. Mwambie shemeji kwamba saruji nayo imo humo humo kwenye lori, ashuke juu ya matofali.

Kuhusu lile ulilolieleza mwishoni, ni jambo zito, na mambo mazito hayaendi kwa pupa. Siasa si kama nguo, kwamba ikikubana utaachia mshono. Fikiri kwanza. Tutaongea.

Msalimie mama, mwambie nampenda.

Kaka yako

*

24 Machi

Kaka,

Habari za huko. Dawa imefika, saruji imefika, mama anakanda mguu na kulalamika kwamba chumvi inaisha jikoni. Anakusalimu, anauliza kwa nini hukutuma na picha ya watoto.

Kaka, sikukuelewa. Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukanijibu habari za koti la daktari. Nilicheka, sikatai, lakini nilipomaliza kucheka nikageuza karatasi upande wa pili kutafuta jibu, sikuona kitu. "Tutaongea" lini? Mimi ni mtu mzima, nina mvi. Nimelichukua neno "fikiri" kuwa ni ruhusa, nimekwenda kuchukua fomu.

Usidhani kugombea ni kusimama jukwaani upigiwe makofi. Kwanza unatakiwa upate wadhamini ishirini, watu waliojiandikisha kupiga kura katika kata hii, kila mmoja aandike jina na kutia sahihi. Na mtu mmoja hadhamini wagombea wawili. Akifanya hivyo, jina lake linahesabiwa kwa yule aliyerudisha fomu mapema. Nikasema ishirini ni kitu gani, mimi nimewashonea watu elfu!

Kumbe Mzee Kesho amenitangulia. Yeye pia anatakiwa kupata watu ishirini, lakini amezunguka nyumba kwa nyumba tangu Februari na karatasi za nyongeza, kukusanya sahihi za watu wote. Zaidi ya mia tatu! Si kwamba anazihitaji. Anataka tu mwingine asipate mkono safi. Na watu wetu unawajua, mtu akija mlangoni kwa heshima hawajui kusema hapana. Nimekwenda kwa kinyozi. "Fundi, nimeshamtilia yeye," akasema, "lakini na wewe nitakutilia, mimi sina ubaguzi." Nikamwambia hairuhusiwi. Akashangaa: "Kwani sahihi ni roho, mtu awe nayo moja tu?" Muuza mkaa ndiye aliyenimaliza. "Wewe Fundi nakutilia kwa sababu nakupenda. Yeye nilimtilia kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni."

Nikavuka mto. Huko watu wako tayari wote, ila wengi hawamo kwenye daftari la wapiga kura, kwa sababu karani wa kuandikisha alikuja msimu wa mvua akaogopa maji akarudi. Nimepata kumi na mmoja. Upande wetu nimepata wanane, pamoja na shemeji yako na muuza nyama, ambaye alimfungia Mzee Kesho mlango akajifanya anaoga. Jumla kumi na tisa. Nimetembea siku tisa kutafuta wa ishirini, mpaka soli ya kiatu imeachia.

Mama angefaa, lakini jina lake walilifuta walipohakiki daftari, wakaandika amefariki. Nilipomwambia alisema, "Basi waje wale chakula cha matanga."

Jina lako bado limo huku, hukuwahi kulihamisha. Namtuma dereva wa lori na fomu hii, imefungwa kwenye nailoni. Weka sahihi mstari wa ishirini. Na kama nilivyomwuliza kila mtu, nakuuliza na wewe, kwa kutimiza utaratibu tu: hujamtilia mtu mwingine? Fomu inarudishwa mwisho tarehe ishirini na tano Aprili.

Dada yako

*

11 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Tumshukuru Mungu kwa kila hali. Huku mashine ya tatu nayo imekata roho, tulikaribia kuisomea dua. Wifi yako alikuwa na homa siku nne, sasa anaendelea vizuri na ameanza tena kunigombeza, hiyo ni dalili njema.

Namtumia mama picha ya watoto. Yule aliyefumba macho ni wako, kafanana na wewe.

Fomu nimetia sahihi. Nimeirudisha kwa dereva yule yule, kwenye nailoni ile ile. Usimwache mama peke yake siku za mizunguko yako. Na mle vizuri.

Kaka yako

*

3 Mei

Kaka,

Salamu. Mama hajambo. Watoto hawajambo. Mimi sijui nilivyo.

Nakueleza yote, ili usije ukasema hukuelezwa.

Fomu niliirudisha tarehe ishirini na nne. Mzee Kesho alirudisha yake ishirini na tatu. Siku ya pingamizi tukaitwa ofisi ya kata, ile yenye benchi refu linalobana nguo na feni inayozunguka kama imelazimishwa. Msimamizi wa uchaguzi ni dada mmoja mwenye miwani, mpole, ana mihuri mitatu kaipanga kama watoto wa familia moja. Mzee Kesho akaja na suti ya kijivu, ile niliyompunguzia kiuno mwenyewe. Akanisalimu, akaiulizia hali ya mama. Halafu akasema, "Mheshimiwa msimamizi, naomba jina la ishirini la Fundi lisomwe."

Likasomwa lako. Kaka, nilikuwa natabasamu. Nilifurahi lisomwe mbele za watu, nikamgeukia muuza nyama nikamwambia, "Huyo ni kaka yangu."

Mzee Kesho akafunua karatasi zake za nyongeza, akalowesha kidole, akafika ukurasa wa tisa. Mstari wa tatu. Jina lako. Sahihi yako, ile ya mkia mrefu kama wa panya, hakuna mwingine duniani anayeitia hivyo.

Dada wa miwani akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Akanitazama akasema taratibu, "Mama, zinafanana." Akachukua muhuri wa tatu, ule mwekundu.

Nimebaki na kumi na tisa. Muda wa kuongeza umepita.

Kwa hiyo alikuja mpaka huko mjini kuitafuta sahihi yako. Alisafiri mwendo wa siku nzima kwa ajili ya mkono mmoja, maana alijua nikikosa kote nitakukimbilia wewe. Alikujua kuliko mimi. Na mimi nilikuuliza! Niliuliza kwa maandishi, hujamtilia mtu mwingine? Ukanijibu habari za mashine na picha. Ungeniandikia neno moja tu, "nimemtilia", nilikuwa na siku zaidi ya kumi za kutafuta mwingine. Ningevuka mto tena. Ningebisha hodi kila nyumba ya kata hii.

Rufaa inasikilizwa tarehe ishirini na mbili, kwenye makao ya wilaya. Sijui nitasema nini. Nijibu wewe.

Dada yako

*

12 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, chumba cha kupigia pasi. Nimeomba ruhusa ya dakika ishirini.

Nisamehe. Ni kweli alikuja. Alikuja barua yako ya kwanza ikiwa bado njiani, mimi sijui lolote. Ni rafiki yangu wa utotoni, tulipofiwa na mkwe wangu yeye ndiye aliyetusafirisha. Alisema ni sahihi ya akiba tu, ana nyingi, huenda hata isisomwe. Nikaamini haitasomwa. Uliponitumia fomu yako nikasema nitie na hii, ile nyingine itapotea kati ya mia tatu. Ndivyo nilivyofikiri, kwa ujinga wangu.

Lakini dawa nimeipata. Nimekwenda kwa mwanasheria mmoja ana meza chini ya ngazi, karibu na posta. Nimekula kiapo, kimeandikwa, kimegongwa muhuri: sahihi iliyo ukurasa wa tisa si yangu, imeghushiwa. Nimeifunga humu ndani. Mpe mwenyekiti wa rufaa, basi, jina langu litabaki kwako na utakuwa na ishirini. Mwanasheria kasema hapo hakuna mjadala, na diwani ndiye atakayekuwa na kesi ya kujibu.

Niache nikusaidie.

Kaka yako

*

29 Mei

Kaka,

Nakusalimu. Mama anaendelea, mguu umepungua. Anauliza kwa nini redio haisomi jina langu.

Kiapo chako kilifika tarehe kumi na tisa. Nilikisoma mara tatu, kisha nikaenda kwenye sanduku nikatoa barua yako ya Machi. Umeandika kwa mkono wako: barua yangu uliipokea tarehe kumi na tatu Februari. Na kwenye ukurasa wa tisa wa Mzee Kesho, pembeni ya sahihi yako, kuna tarehe. Niliiona kwa macho yangu pale ofisini, ila wakati ule kichwa hakikufanya kazi. Ishirini na saba Februari.

Sikukusudia kukuchunguza. Lakini hayo yapo.

Nilikwenda kwenye rufaa na kiapo kwenye mkoba. Nilikwenda na shemeji yako na mama mmoja wa ng'ambo, ana watoto watatu, wawili wamekwisha kuacha shule, wa tatu yuko darasa la tatu mwaka huu. Chumba ni kidogo, zulia limechanika katikati, wazee watatu nyuma ya meza, kila mmoja na chupa ya maji. Mzee Kesho amekaa upande wa dirisha, anajipepea kwa fomu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, una ushahidi wowote kuhusu sahihi hii?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba. Kaka, niliishika ile bahasha. Yule mama wa ng'ambo alijua kilichomo, nilimwambia njiani. Akaniinamia akaninong'oneza, "Itoe, Fundi. Mungu atatuelewa."

Nilimwomba Mungu anipe neno, hakunipa. Nakuambia kweli, hakunipa kitu. Nikamtazama Mzee Kesho. Ni mtu mbaya? Ametuzungusha miaka kumi na tano, ametega sahihi mia tatu kama mtu anayetega panya kwenye ghala zima. Lakini hakughushi. Ningempeleka jela kwa kosa ambalo hakulifanya, na yale aliyoyafanya yangebaki bila kutajwa. Na kiapo kile umemtaja Mungu mstari wa kwanza.

Nikasema, "Kaka yangu ametia sahihi mbili."

Mwenyekiti akauliza, "Una hakika?"

Nikasema, "Ninazo barua zake."

Haikuchukua hata dakika tano. Rufaa imetupwa. Mzee Kesho amepita bila kupingwa. Uchaguzi wa kata yetu hautakuwepo, siku hiyo watu watakwenda shambani. Pale nje akanishika mkono, akasema, "Fundi, wewe ni mtu mkweli, nakuheshimu. Hilo daraja, njoo tuzungumze." Sikungoja amalize anataka niende lini.

Yule mama wa ng'ambo tulirudi naye gari moja. Hakunisemesha njia nzima. Tulipofika mtoni akavua viatu, akavuka, hakugeuka. Tangu siku ile akinikuta sokoni anapita upande wa pili. Sijui, kaka, kama nilitenda haki au nilitenda majivuno. Nikiwa nasali naona nilitenda haki. Nikimwona mwanawe wa darasa la tatu nahesabu miezi aliyobakiza shuleni.

Kiapo nimekichoma jikoni. Mama aliuliza ni karatasi gani hiyo. Nikamwambia ni fomu iliyokuwa na kasoro. Hakuuliza kasoro ya nani.

Sitaki tena habari za mashine. Nataka uniambie kwa nini.

Dada yako

*

20 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ina wiki mbili juu ya kabati. Kila nikirudi kazini naiona, nakaa upande mwingine. Wifi yako jana kaishusha, kaiweka kwenye sahani yangu, kasema sili mpaka nijibu. Kwa hiyo naandika nikiwa na njaa, na huenda ndivyo inavyotakiwa.

Barua yako ya kwanza niliisoma siku ile ile ilipofika. Niliisoma kwa sauti, wifi yako akasikia habari za wale watoto arobaini na mmoja, akalia. Alisema, "Mwandikie leo hii umwambie aende." Nikasema nitaandika. Wiki mbili baadaye mwenzangu akabisha hodi. Alikaa kwenye kiti changu, akacheka na watoto wangu, akakumbuka fimbo tulizochapwa pamoja. Akatoa karatasi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati nililovaa.

Nilijua unataka kugombea. Nilijua ninatia sahihi dhidi yako. Wifi yako alikuwa jikoni, sikumwambia, ameyajua jana.

Unauliza kwa nini. Nimekuwa nikijiambia ni kwa sababu ya msiba wa mkwe wangu, ni kwa sababu ya urafiki, ni kwa sababu mgeni hakatazwi. Si hivyo. Ningeweza kumkatalia. Nilikataa kukataa kwa sababu aliponiambia, "Nasikia dada yako anataka kunivua kiti," alicheka, na mimi nikacheka naye. Niliona haya, dada. Haya kwa ajili yako. Nilikuona umesimama jukwaani na futi ya kupimia shingoni, watu wanakucheka, na mimi huku naitwa kaka wa yule. Nikasema, afadhali aishie njiani kabla hajafika mbele za watu. Nilijiambia nakuokoa.

Kumbe ulishasimama mbele za watu, na walikuwa wameacha kucheka. Uliniandikia mwenyewe. Nilikuwa nimebaki mimi tu nacheka.

Na pale kwenye rufaa ulisema kweli juu yangu mbele ya wazee watatu, mimi niliyekuapia uongo. Siombi unisamehe kwa barua. Agosti nina likizo ya wiki mbili. Nitakuja. Kama hutaki nifikie kwako, nitafikia kwa muuza nyama, nikajifunze kujifanya naoga.

Kaka yako

*

8 Julai

Kaka yangu,

Salamu kwako, na kwa wifi yangu mpe salamu kubwa kuliko zako. Mwambie akupe chakula sasa, umeshiba adhabu.

Mama mguu umepona, anatembea mpaka kisimani kugombana na watu. Shemeji yako amefunga ukuta wa shule, bado paa. Mpwa wako mdogo ameng'oka meno mawili kwa wakati mmoja, anataka kujua yanaota kwa mpango gani.

Barua yako nilimsomea shemeji yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aje." Unajua yeye neno moja kwake ni hotuba. Utafikia hapa hapa, usinitie aibu nyingine kwa kulala kwa muuza nyama.

Sikudanganyi, bado nina hasira. Naamka nayo asubuhi, naivaa pamoja na kitenge. Nakanyaga cherehani mpaka uzi unakatika. Ungenichukia ningeelewa, watu huchukiana. Lakini kuonewa haya na ndugu yako wa tumbo moja, naye akuombee safari njema huku kashika kamba ya kukufunga miguu, hilo linachelewa kutoka. Namwomba Mungu aliondoe. Ameanza, ila haendi haraka.

Nimekwenda ng'ambo Jumamosi. Nilipiga hodi kwa yule mama, akafungua nusu mlango. Nikamwambia sikuja kuomba radhi wala kujitetea, nimekuja kuuliza kama yuko tayari kujiandikisha, yeye na majirani wote. Karani wa kuandikisha akiogopa maji safari hii, sisi tutamvusha mgongoni. Akasema, "Miaka mitano, Fundi? Mtoto wangu atakuwa ameshaolewa." Nikasema najua. Hakufunga mlango, wala hakunikaribisha. Tukazungumza hapo hapo mlangoni mpaka jua likageuka. Ana sauti nzuri, anajua kila nyumba kule. Nikarudi na majina sitini na mawili ya watu wasiomo kwenye daftari.

Basi miaka mitano ijayo fomu zitatoka tena, na nitakwenda kuichukua ya kwanza kabisa, kabla dada wa miwani hajafungua dirisha. Nitatafuta ishirini zangu, na ishirini nyingine juu yake. Wewe sahihi sitakuomba, kaka. Hata ukija unalia, sitaipokea. Sahihi mtu huitia mbele ya mwenye karatasi, na wewe mbele ya watu huwezi, tumeshaona.

Ila jina lako usilihamishe kwenye daftari la huku. Siku ya kura ikifika, panda gari uje. Mle ndani ya kile chumba cha pazia mtu huingia peke yake, hana rafiki, hana dada, hana wa kumchekea. Mimi nitakuwa nje kwenye foleni na sitakuuliza umefanya nini.

Njoo Agosti. Usilete kitu, lete tu miguu.

Dada yako